Kanyagio la Drili

Jumatatu, 2 Juni

Baridi kali. Ukungu umeshuka mpaka sokoni, Mwanjelwa nzima watu wanatembea wamejikunyata. Nimefungua karakana na kuwasha drili kabla hata ya chai. Chekeche za Maduhu, mteja wangu wa Ubaruku, hazijaisha na wenye mashine za kukoboa mpunga wote wanazitaka sasa hivi. Bati nene, matundu yasiyo na mwisho. Mguu kwenye kanyagio, biti inashuka, inatoboa. Naachia, inapanda yenyewe. Mikono yote miwili inabaki kushika bati. Bega kimya.

Lusajo hajaja. Mkoba wake wa spana haupo kwenye msumari. Jirani anasema alimwona alfajiri stendi akipanda basi la Iringa.

Hakuaga. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunafanya kazi chumba kimoja tangu tulipomzika Ambakisye, na ameshindwa kusema kwaheri. Nimekasirika kuliko ninavyotaka kukubali.

Alhamisi, 5 Juni

Maduhu amekuja kuchukua chekeche zake. Alipita Iringa na lori la mchele wiki hii. Amekuta bango barabarani: Drili ya Kanyagio, Mbunifu ni Fundi Lusajo. Kuna na picha. Lusajo amesimama kando ya drili, mkono juu yake kama baba wa bibi harusi. Drili yangu. Kwenye mpini wa gurudumu kinaning'inia kitambaa changu cha kichwa.

Maduhu alikuwa ananipongeza. Alisema familia yenu imebarikiwa. Nikacheka. Nimezoea kucheka Lusajo akitajwa.

Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo nikaitazama ile drili. Baba mkwe aliinunua kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa, na ilikuwa kuukuu hata siku hiyo. Yeye alizungusha gurudumu kwa mkono ili kushusha biti, kila tundu, maisha yake yote. Ambakisye naye hivyo hivyo mpaka anakufa. Wakaniachia mimi. Mwaka uliofuata bega langu la kulia likagoma kabisa, nikawa siwezi hata kusuka nywele za binti yangu Neema. Ndipo nikaanza kuhangaika. Kanyagio nilitoa kwenye cherehani mbovu ya mama yangu. Waya ni wa breki ya pikipiki. Nikafunga gia ya trekta iwe uzito wa kuivuta biti irudi juu. Mwisho nikaweka kikomo ili biti isizame kupita kipimo. Nilivunja biti nyingi na kulia nililia. Lusajo wakati huo alikuwa anachomelea mageti upande wa pili, ananiuliza kama nashona nguo au natoboa chuma.

Huyo ndiye mbunifu.

Jumanne, 10 Juni

Leo Lusajo ameipokea simu yangu.

Ameanza kama kawaida yake, mke wangu hujambo, umeninyima usingizi. Ndivyo tulivyo tangu naolewa. Mbele ya watu wote ananiita mke wangu, mimi namwita mume mdogo, na hakuna anayeshangaa, ni shemeji. Wateja wakija anawaambia huyu mke wangu kazi yake kukanyaga tu, mashine nimebuni mimi. Nami najibu, kweli bwana, mimi akili nitoe wapi, naazima kwako. Watu wanavunjika mbavu. Wengine walikuwa wanarudi na wenzao ili wasikie tena.

Kwa hiyo aliponiambia ameomba hataza kwa jina lake, kwamba serikali itamwandika kuwa kanyagio ni uvumbuzi wake na hakuna mwingine atakayeruhusiwa kulitengeneza, nilijibu kwa mdomo uleule. Nilisema hongera mume wangu, ukipata uniletee kitenge.

Hakucheka. Halafu akasema, "Sitanii, Atupele."

Jina langu tupu. Hata mama yangu mzazi siku hizi ananiita Mama Neema.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Mama mkwe ameninong'oneza katikati ya mahubiri kwamba Lusajo atatangazwa redioni. Baada ya ibada kawaambia wanawake wote pale nje mwanawe ni mvumbuzi. Wakampa mkono mmoja mmoja. Ndaga, ndaga, ahsante, ahsante. Nilikuwa nimesimama nimemshikia mwavuli.

Nimemchukia Lusajo, nimewachukia wale wanawake, na kwa dakika chache nimemchukia hata mama mkwe ambaye hajanikosea. Halafu tukaimba.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo. Nimemweleza yote. Amesikiliza, amekubali kuitisha kikao mwisho wa mwezi na kumwita Lusajo kutoka Iringa. Ila ameniuliza nina shahidi gani.

Shahidi. Niliwaza nikamkumbuka Maduhu. Mwaka jana alitupiga video kwenye simu, Lusajo akijisifu na mimi nikimjibu, akawarushia wenzake wenye mashine kule Usangu. Video hiyo Lusajo anaitumia sasa kama ushahidi kuwa mashine ni yake. Nikasema basi, aliyeipiga ndiye atakayeeleza kwamba ulikuwa utani. Maduhu ni Msukuma, amekulia kwenye utani, hawezi kushindwa kuutambua.

Nimempigia. Nikamuuliza siku ile si alicheka? Akasema alicheka sana. Nikamwambia aje akaseme hivyo kwenye kikao.

"Mama Neema, mimi nilicheka," akasema, "lakini niliamini."

Nikamuuliza aliamini nini. Akasema aliamini kuwa kaitengeneza Lusajo. Alidhani utani ni pale anaponiita mke. Kisha akaomba radhi kwa adabu kabisa, akaniuliza chekeche nyingine zitakuwa tayari lini.

Miaka yote hiyo. Kumbe kulikuwa na watu wanaocheka na kuamini kwa wakati mmoja. Wangapi? Labda wote. Labda mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natania.

Jumamosi, 28 Juni

Kikao, nyumbani kwa mama mkwe, Uyole. Viazi, chai, jiko la mkaa katikati kwa sababu ya baridi. Lusajo amekuja na koti jipya. Aliwasalimia wazee wote, akanipita.

Niliongea kwanza. Nilieleza bega, cherehani, waya, gia. Nilieleza vizuri, sikulia. Wakatikisa vichwa. Halafu Lusajo akatoa simu akampa Baba Mkubwa, ikazunguka mkono kwa mkono. Nikasikia sauti yangu kutoka kila kona ya sebule. Kweli bwana, mimi akili nitoe wapi. Wakacheka. Wote, na mama mkwe mpaka akafuta machozi. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulitaka kucheka nao.

Nikasema ule ulikuwa utani, na kila mtu humu anajua.

Baba Mkubwa akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mwanangu, mtani wako akikamata kuku wako akaenda naye, unakwenda polisi?"

Hakuna anayekwenda polisi. Unapiga kelele kidogo, unacheka, kuku ameshaliwa. Ndivyo tulivyolelewa wote mle ndani. Mwenyewe nimewahi kuchukua redio ya Lusajo hivyo hivyo na hakuidai.

Nikasema kanyagio si kuku. Shangazi mmoja akasema niache ukali.

Wakaamua. Jina libaki la Lusajo kwa sababu ndilo jina la ukoo. Mimi ni mke wa marehemu, bado kijana, naweza kuolewa kesho kwingine na kuhamisha kila kitu. Nitaendelea kulitumia kanyagio, hakuna atakayenizuia. Wananiruhusu. Walisema neno hilohilo, wananiruhusu.

Tukafunga kwa sala.

Jumanne, 1 Julai

Nimelifungua kanyagio. Nimekata waya, nimeshusha gia, nimevitupa vyote kwenye pipa la vyuma chakavu. Nikasema sitaki kitu cha mvumbuzi Lusajo ndani ya karakana hii.

Nikatoboa kwa gurudumu kama baba mkwe.

Ijumaa, 4 Julai

Bega limevimba. Siwezi kuvaa sweta bila kuugulia. Chekeche zimelala, wenye mashine wanapiga simu.

Jioni nimeliokota kanyagio kwenye pipa. Nimenunua waya mpya. Nimefunga huku natukana kila bolti.

Jumatatu, 14 Julai

Iringa. Nimefikia kwa binamu yangu. Yeye ndiye aliyenitajia Mwalimu Mhapa, mama anayefundisha ufundi wa mitambo chuoni hapa na kuwasaidia watu wanaotaka hataza. Nimempelekea picha na vipimo vyote. Ni mama mfupi, mpole, haongei sana. Ameniambia bango na video na kikao cha ukoo havina uzito ofisini, kinachotazamwa ni kama kitu ni kipya na nani kakiwaza. Nilitamani kumkumbatia. Kasema nirudi kesho, atatafuta kwanza kwenye kumbukumbu za dunia kama kuna kinachofanana.

Nikitoka nilipita upande wa pili wa barabara yenye karakana ya Lusajo. Sikuvuka. Alikuwa anatoboa bati mbele ya wateja kwa drili aliyoiga ya kwangu. Anakanyaga kwa kisigino. Mtu aliyelibuni kanyagio lile asingekanyaga kwa kisigino, mguu unachoka kabla ya mchana. Nimefurahi. Furaha mbaya, lakini ni furaha.

Kesho.

Jumanne, 15 Julai



Mwalimu Mhapa aligeuza kompyuta yake nitazame. Mchoro wa kalamu, mistari myembamba, herufi ndogondogo pembeni. Drili ya kusimama kama ya baba mkwe. Chini yake kanyagio. Kutoka kwenye kanyagio fimbo ya chuma, mimi niliweka waya, wao fimbo. Nyuma, uzito wa kuinua biti. Pembeni ya nguzo, kikomo. Imeandikishwa ng'ambo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hata babu yake Ambakisye alikuwa hajazaliwa.

Akanionyesha nyingine. Na nyingine. Kumbe zamani zile walikuwa wengi mno, kila mmoja ameng'ang'ania drili yake, huyu kaongeza springi, huyu mkanda, huyu meza inayopanda na kushuka, na kila mmoja kakimbilia kuandikisha kipande chake. Haki zao zilishakwisha siku nyingi. Sasa ni mali ya kila mtu. Naweza kutengeneza nitakavyo. Lusajo naye anaweza. Yeyote anaweza.

Niliangalia ule mchoro wa kwanza muda mrefu. Hakukuwa na mtu, mashine tu. Nilikuwa nautafuta mguu.

Mwalimu akasema pole. Akasema kuwaza kitu ambacho kilishawazwa, bila kukiona popote, si jambo dogo. Najua alikuwa na nia njema. Sikutaka kusikia. Nilitaka kiwe changu.

Halafu akaniuliza kama natoka familia moja na fundi mwingine wa Mbeya aliyemletea picha za mashine kama hii kabla ya Pasaka. Alimwonyesha michoro hiyohiyo. Yule fundi alishukuru, akaondoka, hakupeleka maombi popote.

Kabla ya Pasaka. Bango limewekwa baada ya Pasaka. Kikao kimekaa baada ya Pasaka.

Nilivuka barabara safari hii. Alikuwa peke yake, anakunywa uji. Aliponiona alitaka kusimama na mzaha wake, nikaona ukimfia mdomoni. Nikamwambia natoka kwa Mwalimu Mhapa. Akaweka kikombe.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema? Mbona uliniacha nikae mbele ya wazee vile?"

Alijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nilidhani atasema samahani. Angesema samahani labda ningelia tukayamaliza palepale.

"Ningesema," akajibu, "ningebaki na nini?"

Nikaondoka.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudi Mbeya. Nimekwenda moja kwa moja kwa mama mkwe na kumweleza kila kitu, taratibu, Kinyakyusa na Kiswahili. Kwamba hakuna hataza, haikuombwa na haitaombwa. Kwamba kanyagio lilishabuniwa na Wazungu wa zamani sana, hivyo si la Lusajo.

Amesikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema basi hao Wazungu walimwibia Lusajo.

Nimecheka njia nzima kutoka Uyole. Nimefika nyumbani mbavu zinauma na uso umelowa.

Baba Mkubwa nilimpigia. Anasema kama ni ya kila mtu basi ugomvi umekwisha, tumshukuru Mungu. Umekwisha kwa nani? Nilichofuata kikaoni hakikuwa karatasi ya serikali. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba ile aseme huyu mwanamke aliwaza. Mmoja tu. Na hilo hata kumbukumbu za dunia hazikulikataa. Wao ndio waliokataa.

Nimewachoka.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Nimefua, nimepika maharage, nimekaa.

Bado nawawaza wale wa michoro. Jana niliwalaani. Leo nimejiuliza kama kuna mmoja wao alianza kwa sababu ya bega. Haikuandikwa. Wameandika fimbo, uzito, kikomo, hawakuandika kilichokuwa kinawauma. Haikunifariji, ila niliwaza hivyo.

Ningekuwa na mtu wa kumwambia haya lingekuwa jambo la kuchekesha kwelikweli. Mtu mwenyewe niliyezoea kumwambia vya kuchekesha yuko Iringa chini ya bango lake.

Jumatano, 30 Julai

Fundi wa karakana ya mbele amekuja kuazima mkasi wa bati. Huyu kila akiingia nilikuwa nalifunika kanyagio kwa gunia. Leo sikulifunika. Aliliangalia kwa jicho la wizi, akaangalia pembeni. Nikamwambia alete futi yake apime.

Hakuamini. Kapima haraka haraka kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo. Nikamwambia asitumie waya wa klachi, utakatika, atumie wa breki. Na akanyage kwa mbele ya mguu.

Sikufanya kwa wema. Nilitaka liwe kila mahali, Mwanjelwa nzima, mpaka bango la Lusajo lionekane la kipumbavu. Ndiyo roho niliyo nayo sasa. Siijui vizuri lakini ni yangu.

Ila alipoondoka akiwa na vipimo vyake alisema ahsante, Mama Neema, umewaza kitu. Akaenda zake kama aliyesema habari ya mvua.

Nililazimika kuzima drili.

Jumanne, 5 Agosti

Maduhu kaleta kazi nyingine. Amelisikia la Iringa, sijui kwa nani. Aliongea sana juu ya bei ya mpunga, akiogopa kuniangalia. Nimemfanyia kazi yake vizuri, matundu yamenyooka. Sijamsamehe. Chekeche zake hazina kosa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama mkwe ana malaria, nimeshinda Uyole nikimwangalia. Nimempikia ndizi, amekula kidogo, amelala. Jua la leo lilikuwa zuri, nikaanika blanketi zake zote uani.

Mchana Lusajo amefika kumwona mama yake. Amekonda. Alisimama mlangoni pa jiko, viatu mkononi, akasema kwa sauti ile ya zamani, "Mke wangu, mume amerudi, chai iko wapi?"

Jibu lilinijia palepale. Lilikuwa zuri, lingemchekesha mpaka mama angeamka. Nililishikilia mdomoni, nikalimeza.

Nikamwambia karibu, chai ipo, akae. Nikamwekea kikombe, nikamsogezea sukari. Nikamweleza homa ya mama ilipanda lini na dawa amebakiza ngapi. Akauliza habari za shule ya Neema, nikamjibu vizuri. Nikamuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Tukasikiliza kuku uani.

Alimaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya katika nyumba hii. Akaniaga kwa mikono miwili, kama mgeni.